Wageni Wanatoka Uholanzi, Serengeti Sijawahi Kufika: Niwapeleke Wapi?

Shangazi, shikamoo.

Naomba unisaidie kabla sijagombana na ukoo mzima. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbezi, Dar es Salaam. Nilipopata ufadhili wa kusoma Uholanzi kuna familia ilinipokea kama mtoto wao. Yule mama alinifundisha kuendesha baiskeli kwenye baridi huku nalia, na nilipougua alikesha kwenye kiti kando ya kitanda changu. Tangu nirudi tumeendelea kuandikiana. Sasa wanakuja: yeye na mumewe, binti yao wa miaka 15, na bibi mzaa mama mwenye miaka 71 ambaye goti lake moja limefanyiwa upasuaji. Tiketi wameshakata. Wanatua Dar katikati ya Julai na wanaondokea hapo hapo Dar, usiku kumi na tatu.

Nilipowauliza wanataka kuona nini, walijibu: "Tupeleke unakotaka wewe, tunakuamini." Usingizi uliniishia hapo.

Mume wangu anasema ni aibu mgeni aje Tanzania aondoke bila kuona Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na Zanzibar. Ameshachora ratiba nyuma ya kalenda: siku ya pili tu tunaamka saa tisa usiku kwenda Arusha. Shangazi, mimi mwenyewe Serengeti sijawahi kuikanyaga. Twiga nimemwona kupitia dirisha la basi nikienda Iringa kikazi. Nitawatembezaje watu kwenye nchi ambayo sijaitembea?

Kuna suala la pesa. Tumeweka akiba ya milioni moja na nusu, na mume wangu anaona mgeni kuchangia ni kuishusha nyumba. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ana gari aina ya Noah. Anasema atatuzungusha yeye, atawapigia wageni hesabu na kuweka cha juu, halafu tugawane, "kwa sababu hawa ni wazungu, hawatajua." Mume wangu aliposikia alinyamaza, na kunyamaza kwake mimi nakujua.

Mama yangu naye ameshika lake: lazima wafike Mgeta, kule milima ya Uluguru, Morogoro, kwa bibi yangu, walionilea ugenini waonane na aliyenilea nyumbani. Nyumba ya bibi ni ya tofali za kuchoma, choo ni cha shimo, kiko nje, na mtandao unakamata ukipanda juu ya jiwe. Naona haya kuwapeleka, halafu naona haya kwa kuona haya.

Nianzie wapi?

Mwenyeji Aliyebanwa, Mbezi


Marahaba, mwanangu.

Hiyo ratiba ya nyuma ya kalenda iacheni huko huko nyuma. Nasema hivi kwa heshima zote za mkwe wangu, moyo wake ni mzuri, ila ramani imemdanganya. Dar hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 600 za barabara, siku nzima ya kukaa kwenye kiti, na mkifika Arusha bado hamjafika Serengeti. Mnapita Karatu, mnapanda ukingo wa Ngorongoro, mnateremka upande wa pili kwenye vumbi na makorongo hadi lango la Naabi. Halafu mgeuze hivyo hivyo. Huyo bibi mwenye goti la kushonwa atakaa ndani ya gari siku nne ili aone wanyama siku mbili. Kilimanjaro ndiyo usiitaje kabisa. Kupanda mlima wa mita 5,895 ni kazi ya siku tano hadi nane kutegemea njia, na kuutazama kutoka Moshi ni bahati na mawingu ya siku hiyo.

Na kabla ya uchovu kuna hesabu. Gari moja kushuka kreta ya Ngorongoro ni dola 250 bila VAT, hapo hujalipia kichwa cha mtu hata mmoja. Serengeti kwa Julai mgeni mtu mzima analipa dola 70 kwa saa 24, nayo kodi juu yake. Viwango hivi hubadilika mara nyingi mwaka wa fedha unapoanza, kwa hiyo angalia tovuti ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na ya Mamlaka ya Ngorongoro kabla hujamwambia mtu chochote. Ila hata vikishuka kidogo, milioni moja na nusu yenu itayeyuka siku ya kwanza tu, mkiwa bado hamjalala wala kula.

Sisemi kaskazini si kuzuri. Kama wageni wenyewe watakujibu kwamba ndoto yao ya miaka yote ni Ngorongoro, basi wainunue safari hiyo wao, kwa kampuni yenye leseni ya utalii. Wapande ndege Dar hadi Kilimanjaro au Arusha, walale usiku tatu au nne. Waanzie Tarangire, ambako wakati wa kiangazi tembo hujazana mtoni, wamalizie kreta, warudi. Serengeti waiache. Wewe ni raia, unaingia kwa kiwango cha shilingi, unaweza kuwasindikiza ukitaka. Lakini usiwapangie kitu cha bei hiyo kwa kubahatisha, eti kwa kuwa jina lake linajulikana.

Na ndiyo maana nasema uanze na ujumbe wa simu kabla ya kugusa ramani. Walisema "tupeleke unakotaka" kwa adabu tu, hawakukupa ratiba. Waandikie wiki hii, kwa maneno yako, kitu kama hiki:

"Wapendwa, tunawasubiri kwa hamu. Naomba mnijibu mambo matatu. Kila mmoja wenu aniambie kitu kimoja anachotaka zaidi: wanyama, bahari, watu, historia au kupumzika. Bibi anaweza kukaa kwenye gari saa ngapi kwa siku, na ngazi anazimudu? La tatu ni pesa. Mkiwa nyumbani kwetu, kula na kulala ni juu yetu, na hilo halina mjadala. Viingilio vya hifadhi, hoteli na gari la safari wageni hulipia wenyewe, na bei yake ni kubwa kuliko uwezo wetu. Mmepanga kutumia kiasi gani?"

Umeishi nao, unajua kule kila mtu hulipa kahawa yake na hakuna anayenuna. Hawatashangaa kuulizwa. Watashangaa wakigundua baadaye kwamba mlikopa. Mkwe wangu naye mpe cha kujivunia: mapokezi, milo yote ya Mbezi, na tiketi za treni. Hapo atakuwa amekaribisha wageni kama mwanamume wa nyumba, na shati bado analo mgongoni.

Sasa njia. Ndege inatua Dar, basi fuateni njia inayoanzia Dar. Mimi ningepanga hivi: usiku mbili Mbezi wapumzike, mbili Mikumi, mbili Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa, mmoja Morogoro mjini, minne Zanzibar, miwili ya mwisho tena kwenu.

Muende Morogoro kwa treni ya SGR. Ilianza kubeba abiria mwaka 2024 na Watanzania bado tunaipigia picha, kwa hiyo hamtaonekana washamba. Stesheni ya Dar yenyewe imejengwa kwa umbo la tanzanaiti, binti wa miaka 15 atapata cha kuwatumia wenzake kabla hajakaa. Ni chini ya saa mbili hadi Moro, na ilipoanza nauli ya kawaida ilikuwa shilingi 13,000. Wakati wa kukata tiketi uwe na namba zao za pasipoti, na fikeni mapema, treni hii haina cha "dereva, subiri mmoja".

Pale Moro muwe mmeshaagiza gari la juu lenye dereva, na bibi akae mbele, kiti kirudishwe nyuma hadi mwisho ili goti linyooke. Kila saa moja na nusu simameni, hata kama hajaomba. Wazee wa kule ni kama wa kwetu, hawapendi kusema wamechoka.

Mikumi inadharauliwa na watu wa Dar kwa sababu barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati yake, kiasi cha kilomita 50, na kila mtu anajiona ameshaiona. Wewe mwenyewe umemwona twiga kwa dirisha la basi, sivyo? Ukiacha lami ukaingia uwanda wa Mkata, unakutana na nyati, nyumbu, pundamilia, tembo, na simba ukiwa na subira. Kiingilio cha mgeni ni chini ya nusu ya kile cha Serengeti, na huyo binti bado anahesabiwa mtoto mpaka afikishe miaka 16, kwa hiyo pasipoti yake iwe karibu. Kibali huhesabiwa saa 24. Usiku mmoja kati ya ile miwili uwe ndani ya hifadhi: ingieni saa kumi alasiri, mpate jioni ya leo na alfajiri ya kesho kwa kibali kimoja. Malipo langoni si ya pesa taslimu, shughulikieni mapema. Wewe na mumeo bebeni vitambulisho vya NIDA, la sivyo mtabishana getini kuhusu utaifa wenu mbele ya wageni.

Alfajiri ya Julai kwenye uwanda ni baridi kweli. Waambie walete sweta, na nguo za rangi ya bluu na nyeusi zibaki kwenye begi, mbung'o wanazipenda. Bwawa la viboko liwe la kwanza asubuhi. Gari lizimwe injini, msikilize tu wale wakubwa wakikoroma na kupiga maji. Mbuga si lazima kila dakika mkimbilie mnyama mwingine, ingawa madereva wengi hudhani hivyo.

Hilo la kutoijua nchi yako lisikusumbue. Hutegemewi kuwa kitabu. Chukueni mwongozaji wa hifadhi, yeye ndiye aeleze tofauti ya nyati dume na jike, wewe ukae pembeni ya bibi ushangae naye. Au hujui kwamba hata wao kwao kuna mahali hawajafika?

Udzungwa sasa. Hapa ndipo nimekuwekea kitu. Kiasi cha kilomita 60 kusini ya mji wa Mikumi, mkipita mashamba ya miwa ya Kilombero, mnafika Mang'ula, makao ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Hifadhi hii ilizinduliwa mwaka 1992 na Mwanamfalme Bernhard wa Uholanzi, na kuna maporomoko madogo karibu na lango yamepewa jina lake. Njia ya kuyafikia ni fupi, bibi ataimudu polepole na fimbo. Uwaache wasome kibao wenyewe. Mtu aliyesafiri kutoka kwao hadi huku akakuta jina la mwanamfalme wao msituni atakuwa na la kusimulia mwaka mzima.

Wenye magoti mazima wapande Sanje. Maporomoko yanashuka jumla ya mita 170, na kupanda na kushuka ni nusu siku ya jasho, kwa njia yenye mizizi na utelezi. Ndani ya Udzungwa hakuna barabara ya gari, ni miguu tu, na huo ndio utamu wake. Wataonana na mbega wekundu wa Iringa, na kama bahati ipo, kima wa Sanje, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979 tu. Wenyeji wa pale walikuwa wakimjua siku zote, ila hakuna aliyewauliza. Usimwache bibi peke yake hotelini siku hiyo. Kaa naye wewe, yule mama aende na mumewe na bintiye. Alikesha kando yako ukiwa mgonjwa, nawe mpe nusu siku ya kutembea bila kumwangalia mama yake kila hatua.

Iringa je, na mawe ya Isimila, na fuvu la Mkwawa pale Kalenga? Nazipenda sana, ila ni mlima Kitonga mbele, na saa nyingine nyingi garini. Ziache kwa safari yao ya pili.

Mkirudi kuelekea Moro, mtapita Sangasanga, karibu na Mzumbe. Hapo ndipo njia ya Mgeta inapochepuka. Mama yako yuko sahihi, na mimi niko upande wake kwa asilimia zote.

Sikiliza. Mikumi anaweza kwenda mtalii yeyote mwenye dola. Mgeta kwa bibi yako hakuna kampuni inayouza. Umeona haya ya choo cha shimo kwa watu waliokuona ukilia juu ya baiskeli? Tafadhali. Fanya mambo ya maana: peleka mtu siku mbili kabla akafagie choo, atie jivu, aweke ndoo ya maji safi, sabuni, karatasi na mlango unaofunga. Kwa ajili ya goti la bibi, fundi seremala wa mtaani kwenu atakutengenezea kiti cha mbao chenye tundu katikati, cha kuweka juu ya shimo, na bibi yako atakishukuru baada ya wageni kuondoka. Msilale huko. Mfike asubuhi, mle mchana, mteremke jioni kulala Moro, maana ile njia ya milimani si ya kuendeshwa usiku.

Bibi yako wa Mgeta asibadilishiwe chochote. Asivalishwe nguo ya sikukuu akalazimishwa kukaa kwenye kochi la kuazima. Kama ni siku ya kuvuna njegere, basi wavune naye. Mmenye viazi pamoja, mle ugali na mboga za pale pale shambani, na kuku kama yupo wa kuchinjwa. Kule Uluguru ukoo hufuata mama, nawe utakuwa umewakutanisha bibi na mama na binti wa kila upande, wana mengi ya kuulizana hata kwa mkalimani mmoja. Muulize bibi kama anakumbuka, au alisimuliwa, mgomo wa mwaka 1955, Waluguru walipokataa kulazimishwa na Mwingereza kuchimba matuta mlimani. Binti wa miaka 15 atakaa kusikiliza hilo kuliko makumbusho matatu.

Mambo mawili ya kuzuia mapema. Wageni wasigawe pipi wala noti kwa watoto wa jirani. Wakitaka kubeba zawadi, wanunue Moro sukari, sabuni, mafuta na khanga doti moja, wampe bibi mkononi, naye ndiye atajua wa kugawiwa. Na picha ziombwe. Kwa lugha gani? Kwa Kiswahili, uwafundishe kwenye treni: "Naomba kupiga picha." Wakikataliwa, simu irudi mfukoni.

Zanzibar nitaipita haraka kwa sababu inajiuza yenyewe, ila kuna mitego. Kwanza bima: tangu Oktoba 2024 kila mgeni wa nje anayeingia Zanzibar lazima akate bima ya safari ya huko huko, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima kutoka kwao. Waikate mtandaoni kabla. Pili pasipoti, itaulizwa bandarini hata kama wanatoka Dar. Tatu bahari. Julai upepo wa kusi unavuma na boti hurukaruka, watu wazima hutapika kama watoto. Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya kupanda, mkae nyuma, sakafu ya chini. Bibi na mtu mmoja wapande ndege ndogo kama wanamudu, ni dakika ishirini tu.

Usiku mbili Mji Mkongwe, mbili ufukweni. Kwenye kanisa la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, ingieni na mwongozaji wa pale pale, na msipange jambo la furaha mara tu baada ya hapo. Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la masultani, mtaitazama kwa nje, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Jioni Forodhani, ingawa urojo wa kweli utaupata vichochoroni kwa mama, kwenye bakuli la plastiki. Mapapasi, wale vijana wanaowinda wageni mitaani, watawafuata. Jibu moja la Kiswahili kutoka kwako, "Ahsante kaka, tuna mwenyeji," linatosha. Na mwambie binti, mabega na magoti yafunikwe akiwa mjini, ufukweni atavaa apendavyo.

Ufukwe wapi? Wakitaka kuogelea muda wowote, Kendwa au Nungwi, maji hayakimbii mbali. Mimi ningewapeleka Jambiani, ambako maji yakitoka kina mama wanaingia baharini kulima mwani, na hapo ni jirani na Makunduchi. Katika Julai Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa: wanaume wanachapana kwa migomba kumaliza ugomvi wa mwaka, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wanaimba majungu yote waliyoyaweka moyoni. Ulizia tarehe yake kwa watu wa huko huko, na kama inaangukia siku zenu, pangeni Zanzibar yote kuizunguka siku hiyo. Njiani simameni Jozani muwaone kima punju.

Siku za mwisho Dar msizijaze. Asubuhi moja Bagamoyo, magofu ya Kaole na ile misheni ya mwaka 1868, mrudi mchana. Makumbusho ya Taifa kama bibi anataka kuona fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu wa Olduvai. Binti apelekwe Kariakoo na wewe, simu ikiwa ndani ya sidiria yako na si mkononi mwake. Vinyago vya Mwenge unanunua wewe, wao wachague kwa macho tu kisha wakanywe soda mbali.

Mengine madogo: viza waombe mtandaoni mapema, ya kawaida ni dola 50. Dawa za malaria wamwone daktari wao, hasa bibi na dawa zake nyingine. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, wasipakie viatu humo.

Imebaki Noah. Kwanza, namba ya njano ni gari binafsi. Shemeji akibeba watu kwa malipo kwa namba ya njano, akasimamishwa njiani, atakayeshushwa kwenye jua ni bibi mwenye goti. Kubeba watalii kibiashara kunataka leseni, na ikitokea ajali bima ndogo ya gari binafsi huenda isimlipe abiria aliyetozwa nauli. Pili, hicho cha juu. Watu hawa watakaa na risiti, binti yao atatafuta bei mtandaoni katika dakika tano, na hawatasema kitu. Watakushukuru, watapanda ndege, na barua zitakuwa fupi fupi mpaka ziishe. Wewe ndiye utakayejua kwa nini. Kunyamaza kwa mumeo usikuache hivyo hivyo, muulize leo usiku, watoto wakilala: "Ungekuwa wewe ndiye uliyepokelewa kwao, ungekubali?" Akijibu, yeye mwenyewe ndiye azungumze na mdogo wake, si wewe.

Ila shemeji msimfungie nje, atanuna hadi Krismasi. Mpeni kazi ya kuwapokea uwanja wa ndege kwa hiyo Noah, bure, mafuta mumwekee nyinyi. Aoshe gari, avae shati lenye kola, na viti vya nyuma aondoe zile spika.

Wako,
Shangazi